Kadi ya Chakula si Ombaomba: Aibu Yetu Ndiyo Iliyotufunga Mdomo



Kuna jambo ambalo katika vikao vyetu huzungumzwa kwa kunong'ona tu. Mtu akilitaja kwa sauti, watu huangaliana, kisha mada inageuzwa haraka na tunarudi kwenye CCM na upinzani, au Arsenal na Manchester. Jambo lenyewe ni stempu za chakula. Wamarekani wenyewe tangu mwaka 2008 wanauita mpango huo SNAP, na stempu za karatasi zilishaondoka zamani. Siku hizi ni kadi ya EBT inayopitishwa kwenye mashine dukani kama kadi ya benki. Lakini sisi tumebaki na jina lilelile la zamani, na tumeligeuza tusi. "Yule na suti zake zote zile, kumbe nyumbani kwake wanakula stempu!" Ukishasema hivyo umemmaliza mtu, hana tena sauti kwenye kikao.

Mimi nasema aibu hii si adabu wala si utamaduni wetu. Imewanyima watoto wetu chakula ambacho sheria imewatengea. Na mwaka 2025, ilipopitishwa sheria ya kuwapokonya chakula ndugu zetu wakimbizi, aibu hiihii ndiyo iliyotuziba mdomo. Tulishindwa kusema neno kwa sababu hakuna aliyetaka kujulikana kwamba anajua mpango huo unavyofanya kazi.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani. Mpango huu ulianza kwa majaribio mwaka 1939 katika mji wa Rochester, New York. Wakati huo wakulima walikuwa na mazao yasiyo na mnunuzi, na mijini watu hawakuwa na kazi wala pesa ya kununua. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria ya kuufanya uwe wa kudumu. Mpaka leo unasimamiwa na Wizara ya Kilimo, na kwa kawaida hujadiliwa bungeni ndani ya sheria ya mashamba. Hilo si jambo la bahati. Chakula kinachonunuliwa kwa kadi ni soko la mkulima, ni mauzo ya duka, ni mshahara wa mtu anayepanga makopo kwenye rafu, ambaye mara nyingi ni Mswahili mwenzetu. Mwaka 2024 waliotumia mpango huu kila mwezi walikuwa takriban watu milioni 42, yaani mmoja katika kila wanane nchini humu. Karibu wanne kati ya kumi walikuwa watoto. Wasio raia ni sehemu ndogo sana ya hao. Sasa wewe unayesema ni kitu cha wageni na wavivu, hesabu hiyo umeitoa wapi?

Wale wa umri wangu mliokulia Tanzania, hebu kumbukeni. Unga wa mahindi ya njano tuliouita Yanga ulitoka wapi? Ulitoka kwa wakulima hawahawa wa Marekani. Na miaka ya mwanzo ya 80, sukari na sabuni tulivipata kwa foleni na kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Mwalimu alipanga foleni, karani wa benki alipanga, mke wa mkubwa naye alimtuma mtoto akapange. Nani alimwita mwenzake ombaomba? Hii jeuri ya kwamba mtu wa heshima hapokei mgao tumeiokota wapi, kama si hukuhuku majuu?

Sasa tuje kwenye sifa za kustahili, maana hapa ndipo uongo mwingi unapotembea. Nimekuwa nikikaa na watu jikoni kwao kujaza hizi fomu hapa Ohio kwa miaka kadhaa, na kila nyumba nakuta imani mpya.

Imani ya kwanza: "Mimi nafanya kazi, kwa hiyo sistahili." Si kweli hata kidogo. Mpango unaangalia kipato na ukubwa wa kaya. Kwa mwaka wa fedha ulioanza Oktoba 2025, kipimo cha serikali kuu kwa kaya ya watu wanne ni kipato ghafi kisichozidi dola 3,483 kwa mwezi, na kwa mtu mmoja dola 1,696. Yapo majimbo yaliyoweka kikomo cha juu zaidi. Mama anayehudumia wazee kwa dola 15 kwa saa, saa 36 kwa wiki, na ana watoto watatu, yumo ndani ya kipimo hicho. Wabeba boksi wengi wenye watoto wamo. Wanajiona matajiri kwa sababu wanazibadilisha dola zao kuwa shilingi kichwani, lakini mwenye nyumba hapokei shilingi.

Imani ya pili inahusu neno kaya. Fomu inauliza mnaishi wangapi, na mtu anaandika kila aliyelala pale siku hiyo: binamu aliyekuja kutafuta kazi, rafiki anayechangia kodi, shemeji. Sheria haiulizi hivyo. Inauliza nani wananunua chakula na kupika pamoja. Kwetu hili halihitaji hata mkalimani, ni swali la chungu. Mnakula chungu kimoja au kila mtu na chungu chake? Mume na mke huhesabiwa pamoja hata wakipika mbalimbali, na hali kadhalika mtoto wa chini ya miaka 22 anayeishi na mzazi wake. Lakini yule mpangaji mwenzako anayepika ugali wake mwenyewe si kaya yako, na mshahara wake hauna sababu ya kuandikwa kwenye fomu yako. Nimeona familia zimekataliwa kwa sababu ya mshahara wa mtu ambaye hawajawahi kula naye sahani moja.

Imani ya tatu: "Watanipa dola 20, usumbufu wa nini?" Chukueni mfano wa huyo mama wa watoto watatu, na tuseme wote wana sifa za makaratasi. Mshahara wake ni kama dola 2,300 kwa mwezi. Sheria kwanza inaondoa asilimia 20 ya mshahara, kisha inaondoa kiasi maalumu kwa kila kaya, kisha inaangalia kodi ya nyumba pamoja na umeme na gesi. Kama hivyo vinafika dola 1,600, kadi yake inaweza kupata zaidi ya dola 700 kwa mwezi. Asipoandika kodi na umeme, kwa kuona haya au kwa haraka, atapata kiasi cha dola 500. Kiwango cha juu kwa kaya ya wanne mwaka huo wa fedha ni dola 994. Dola 700 kwa mwezi ni nyama, ni maziwa, ni matunda. Ni mama kuacha shifti ya tatu na kuwepo nyumbani mtoto anapotoka shule.

Na hapa niseme jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Pesa unayotuma nyumbani haihesabiwi kama matumizi. Ukituma dola 400 kwa mama yako Tanga au kwa wadogo zako Bukavu, fomu haiijui. Michango ya harusi, kicheni pati, msiba wa mtu usiyemfahamu, vyote hivyo fomu haivijui. Kwa hiyo mtu anabaki na kipato kikubwa kwenye karatasi, na friji tupu nyumbani. Sisemi msitume, mimi mwenyewe natuma. Ninachosema ni kwamba jamii inayomdai mtu mchango wa dola 300 wa harusi, kisha inamcheka akionekana dukani na kadi ya EBT, hiyo jamii haina haki ya kuzungumza habari za heshima.

Tuje kwenye makaratasi, maana hapa hofu ina sababu na sitaki kumdanganya mtu. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo hastahili. Mwenye kibali cha muda cha kazi hastahili. Asiye na makaratasi hastahili. Sheria ya mwaka 1996, iliyotiwa saini na Rais Clinton, iliwatoa hata wahamiaji wengi halali. Mwaka 2002 wakarudishwa wenye grini kadi waliokaa miaka mitano, na watoto wa chini ya miaka 18 wenye grini kadi wakaruhusiwa bila kusubiri. Kama uliletwa na ndugu aliyekudhamini kwa hati ya kiapo, kipato cha mdhamini huyo kinaweza kuhesabiwa kama chako. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa ni raia kama Rais alivyo raia, na mzazi asiyestahili anaweza kumwombea mtoto wake. Mzazi huyo atatakiwa kutaja kipato chake, ila hawajibiki kutoa namba ya Social Security wala kueleza hadhi yake ya uhamiaji kama hajiombei mwenyewe.

Mtaniuliza: je, haitaniharibia grini kadi? Kanuni iliyoanza kutumika Februari 2020 iliihesabu SNAP kuwa dalili kwamba mtu atakuwa mzigo kwa serikali. Kanuni hiyo iliondolewa Machi 2021, na ya mwaka 2022 ikasema wazi kwamba chakula hakihesabiwi. Novemba 2025 serikali ikapendekeza kuifuta hiyo ya 2022. Tena mwaka huohuo wa 2025 Wizara ya Kilimo iliyataka majimbo yatoe taarifa za watu wanaopokea, na majimbo kadhaa yakaenda mahakamani kupinga. Kwa hiyo mwenye ombi la grini kadi kupitia familia amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza. Amwone mwanasheria, asimsikilize shangazi aliyesikia jambo kwenye sherehe. Lakini mkimbizi na aliyepewa hifadhi wametolewa kwenye kipimo hicho na sheria yenyewe, na raia hahusiki nacho kabisa. Kuna watu wenye pasipoti ya Marekani mfukoni wanaokataa kuomba "wasije wakaharibu makaratasi". Makaratasi gani tena, ndugu yangu?

Najua majibu yanayokuja. Mmoja atasema: "Wapo wetu wanaodanganya." Wapo. Wapo wanaoficha mshahara wa mume, na wapo wanaomwuzia mwenye duka dola 100 za chakula kwa dola 50 taslimu. Hao wanavunja sheria, na adhabu zake ni kufungiwa mwaka mzima kwa kosa la kwanza, miaka miwili kwa la pili, na kufungiwa maisha kwa la tatu. Ukiuza za dola 500 au zaidi na ukatiwa hatiani, unafungiwa moja kwa moja, na kwa asiye raia kesi ya namna hiyo inaweza kumfuata mpaka uhamiaji. Sina utetezi kwao. Lakini tangu lini mwizi wa sokoni akawa sababu ya mtu mwaminifu kutokwenda sokoni?

Mwingine atasema: "Tunajitegemea, tusiwazoeshe watu kupokea." Huyu ndiye ninayetaka kumjibu sana, maana mara nyingi ni msomi, ana nyumba yake, na hupewa kipaza sauti kwenye kila sherehe ya uhuru. Mheshimiwa, ule unafuu wa kodi unaoupata kwa riba ya mkopo wa nyumba yako ni nini? Ruzuku anayopewa mkulima wa mahindi ni nini? Serikali ya nchi hii inawasaidia watu wa kila tabaka. Tofauti ni kwamba ninyi mnasaidiwa kwa fomu ya kodi ambayo mhasibu anaijaza kimya, na maskini anasaidiwa kwa kadi inayoonekana dukani. Kila hati ya malipo ya huyo mama wa dola 15 imekatwa. Anapoomba chakula anarudi kwenye mfuko aliouchangia.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma zaidi.

Tarehe 4 Julai 2025 ilitiwa saini sheria kubwa ya bajeti. Ndani yake, kwa vifungu vichache, wakimbizi na watu waliopewa hifadhi waliondolewa kwenye SNAP mpaka watakapopata grini kadi. Hawa ndio waliokuwa wakistahili tangu siku ya kwanza kushuka uwanja wa ndege, hata baada ya ile sheria kali ya 1996. Sheria hiyohiyo ya 2025 ikaongeza umri wa wanaotakiwa kuthibitisha kazi ya saa 80 kwa mwezi mpaka miaka 64, na mzazi ambaye mtoto wake mdogo ametimiza miaka 14 naye akaingizwa humo. Asiyetimiza anapata miezi mitatu tu katika miaka mitatu. Mtu wa ghala ambaye bosi amempunguzia saa anapoteza mshahara, na chakula kinafuata nyuma yake.

Wakimbizi hao ni nani? Katika mwaka wa fedha 2024 nchi iliyotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani ilikuwa Kongo. Wengi wao ni watu wa Kivu, wanazungumza Kiswahili, wengine wamezaliwa na kukulia Nyarugusu kule Kigoma. Ni Waswahili wenzetu. Tumewafundisha kuendesha gari, tumewauzia vitenge, tumeswali na kusali nao. Sheria inasema wakipata grini kadi watarudishiwa haki bila kungoja miaka mitano, na mkimbizi anaruhusiwa kuiomba baada ya mwaka mmoja. Lakini Novemba 2025 Idara ya Uhamiaji iliagiza kusimamishwa kwa maombi ya grini kadi ya wakimbizi walioingia kati ya Januari 2021 na Februari 2025, ili mafaili yao yapitiwe upya. Yaani mtu anaambiwa hutakula mpaka uwe na kadi, kisha anaambiwa kadi hatutoi kwa sasa.

Sisi tulifanya nini? Nilikwenda kwenye vikao vitatu vya jumuiya zetu mwaka huo. Nilipendekeza tuandike barua kwa wabunge wetu, na apatikane mtu mmoja tu wa kusema hadharani familia yake itakavyoathirika. Ukumbi ulinyamaza. Humo ndani walikuwamo watu niliowajazia fomu kwa mkono wangu. Kila mmoja aliogopa jirani yake. Mwishoni dada mmoja wa Uvira akasimama, akasema: "Kaka, kule Nyarugusu tulipanga wote mstari wa mgao, hakuna aliyemcheka mwenzake. Ni hapa ndiyo nimejifunza kwamba kula ni aibu." Akaketi. Barua haikuandikwa, mwenyekiti akaendelea na ajenda ya ukumbi wa sherehe.

Huo ndio ushindi wa wanaotaka kuukata mpango huu. Hawahitaji kutushinda kwa hoja, wanahitaji tuone haya tu. Serikali ilipofungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka tarehe 12 Novemba 2025, na malipo ya Novemba yakakwama, Wamarekani weusi na weupe walisimama mbele ya kamera wakasema watoto wetu hawana chakula. Wa kwetu walikopa unga kimyakimya. Mficha uchi hazai, wazee walisema. Na bunge halimsikii mtu aliyejificha.

Kwa hiyo nataka mambo manne yafanyike, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila jumuiya yetu iweke siku moja kwa mwezi ya kujaza fomu. Wenye elimu walete elimu yao hapo. Mwombaji alete kitambulisho, karatasi za malipo za siku 30, mkataba wa nyumba na bili ya umeme.

Pili, tuwafundishe watu haki zao ndogondogo, maana ndizo zinazookoa. Ofisi inapaswa kutoa jibu ndani ya siku 30, na kwa mwenye dhiki kubwa ndani ya siku 7. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, asitumike mtoto wa darasa la nne kutafsiri mshahara wa baba yake. Ukikataliwa una siku 90 za kuomba kusikilizwa upya. Na barua ya kuhuisha maombi ikija, ifunguliwe siku hiyohiyo. Watu wengi hawapotezi haki kwa kukosa sifa, wanaipoteza ndani ya bahasha isiyofunguliwa.

Tatu, tuwasaidie wakimbizi kufuatilia grini kadi zao tangu mwaka wao wa kwanza unapotimia, na raia miongoni mwetu wawapigie simu wabunge wao kuhusu kile kifungu cha 2025. Mbunge hamjui mkimbizi asiyepiga kura, lakini wewe unayepiga kura anakujua.

Nne, na hili halihitaji pesa wala kikao: tuache kucheka. Siku utakapomwona Mswahili mwenzako kwenye foleni ya duka ametoa kadi ya EBT, msalimie, ulizia watoto, endelea na safari yako. Akikuuliza kama unajua mtu wa kumsaidia kuhuisha maombi yake, mwambie unamjua.

Naomba kuwasilisha.